Atichoki Nakuru: Panda kwa Machipukizi, Lenga Baridi ya Julai

Malalamiko kuhusu atichoki ni yale yale: mmea umenawiri, majani yanafika kiunoni, kichwa hakuna. Mwenye shamba anaongeza mbolea ya CAN, majani yanazidi kunenepa, kichwa bado. Asili ya mmea huu ni nchi za Mediterania, na huko majira ya baridi ndiyo huuamsha utoe maua. Kichwa tunachokula ni ua ambalo halijafunguka, kwa hiyo pasipo baridi hakuna cha kuvuna. Green Globe, aina ya zamani, hutaka mamia ya saa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Imperial Star ilizalishwa ili ipandwe kwa mbegu na kuvunwa mwaka ule ule, nayo huridhika na baridi kidogo.

Pima basi mahali ulipo. Molo, karibu mita 2,500 juu ya bahari, usiku wa Juni hadi Agosti una baridi ya kutosha. Njoro pia panafaa. Nakuru mjini, mita 1,850 hivi, Green Globe ni bahati nasibu. Chagua Imperial Star. Kisumu usijisumbue. Hata kichwa kikitoka, joto la kando ya ziwa hufungua mapema magamba yanayokifunika na kukikaza.

Kalenda inatokana na hapo. Panda mvua ndefu zinapoanza, mwisho wa Machi au Aprili, ili Julai imkute mmea mwenye majani manane au zaidi. Mche mchanga haunufaiki sana na baridi hiyo, na anayepanda Juni kwa kawaida anajipatia majani tu.

Kuhusu mbegu, huota kwa wiki mbili hivi, na mche huwa tayari kuhamishwa baada ya wiki sita hadi nane. Shida ni kwamba miche ya mbegu haifanani: mmoja unatoa kichwa kinene, jirani yake unatoa kidogo chenye miiba. Panda mbegu mara moja, weka alama kwenye mimea bora, kisha endelea kwa machipukizi ya hiyo tu.

Machipukizi hutoka kwenye shina la mama, kama ya mgomba. Mwache mama amalize msimu wa kwanza wa mavuno kabla ya kumgawa. Subiri chipukizi lifike sentimita 20 hadi 25 na liwe na majani manne au matano. Fukua udongo pembeni mpaka uone linapoungana na mama, kisha likate kwa kisu kikali kilichofutwa kwa jiki, ukihakikisha linatoka na kisigino cha shina na mizizi kidogo. Kulivuta kwa mkono ndiko kunakoharibu: linachanika juu ya mizizi na kuoza ndani ya siku chache. Punguza majani yabaki nusu, la sivyo yatanyonya maji ambayo mizizi haiwezi kuleta. Mama mwachie matatu yenye nguvu, mengine yote ondoa hata kama huna pa kuyapanda, kwa maana msongamano huzaa vichwa vidogo.

Ningeyaweka kwanza kwenye mifuko ya kitalu, kivulini, wiki tatu hadi nne. Ukiyapeleka shambani moja kwa moja, utapoteza mengi mvua ikikatika.

Shambani acha mita moja kati ya mmea na mmea, na mita 1.2 kati ya mistari. Inaonekana kama kupoteza ardhi, lakini mmea mkubwa hujaza nafasi hiyo yote; mwaka wa kwanza panda dania au vitunguu katikati. Chimba shimo la sentimita 40 kila upande, changanya udongo na nusu debe la samadi iliyooza vizuri. Kitovu kinachotoa majani kibaki juu ya udongo. Udongo wa mfinyanzi unataka tuta la sentimita 30, kwa sababu atichoki huvumilia kiu ya muda mfupi lakini si maji yaliyotuama, ingawa wakati wa vichwa kiu huvifanya vidogo na vikavu. Tandaza nyasi, ila zisiguse shina.

Mmea ukinyauka ghafla ilhali udongo una unyevu, uvute. Ukija mwepesi, mizizi imeliwa, fuko amepita. Tega mtego kwenye njia yake mara moja. Shingo ikiwa nyeusi na inanuka, ni uozo wa maji: ng'oa, usipande atichoki hapo tena msimu ujao. Vidukari weusi hujificha chini ya majani na katikati ya magamba ya kichwa. Wafukuze kwa maji ya mpira yenye nguvu, na wakirudi, nyunyiza jioni kijiko cha sabuni ya maji kwa lita moja. Wakishaingia ndani ya kichwa, hakuna dawa ya kukiokoa, kwa hiyo kagua kila wiki kabla ya vichwa kutokea.

Vuna kichwa kikiwa kimefumba, magamba yakilia ukiyaminya. Kile cha katikati hutangulia na ndicho kikubwa zaidi. Kikate na kikonyo cha sentimita 5 hadi 8, na vya pembeni vitafuata. Magamba yakianza kuachana umechelewa, manyoya ya ndani yameshakomaa. Kwenye friji, ndani ya mfuko wenye unyevu, kichwa hukaa kama wiki moja.

Shina lililokwisha kuzaa likate usawa wa ardhi, majani wape mbuzi kama hujayanyunyizia kitu, kisha ongeza samadi. Baada ya miaka mitatu au minne mama huchoka. Mng'oe, na machipukizi yake yapeleke kwenye kipande kingine cha shamba.