Data zimevuja, hela hazijaibiwa: unaweza kushtaki?

Dada, umesema zahanati imerusha orodha ya wagonjwa, jina lako likiwemo, kwenye grupu la WhatsApp, na wakili amekwambia huna kesi maana hujapoteza hata shilingi. Nahisi amechanganya sheria yetu ya Kenya na ya Marekani.

Yangu yalianzia kwa mama wa viazi karai, Mwembe Tayari. Nafungua karatasi nimiminie ukwaju, nakutana na uso wangu mwenyewe. Fomu ya mkopo niliyojaza miaka miwili nyuma: nakala ya kitambulisho, namba ya simu, mshahara, jina la mke wangu kama mdhamini. Mafuta yameshalowesha sahihi, lakini muhuri wa kampuni unasomeka vizuri tu. Nikanunua rundo zima kwa mia. Mama akadhani nafungua kibanda nimpinge.

Kampuni ikaniuliza, hasara yako ni ipi? Kusema kweli, hela sikupoteza. Nilipoteza usingizi, nikingoja mtu akope kwa jina langu. Basi kifungu cha 65 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinasema madhara si ya pesa peke yake, hata dhiki ya moyo imo. Nikalalamika kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kumaliza uchunguzi. Nikalipwa, ingawa si kiasi nilichoomba.

Sasa, mwenzangu wa kazini naye alikopa palepale, akalalamika pia. Fomu yake haikuwemo kwenye rundo. Hakuambulia kitu, na mpaka leo ananinunia kama mimi ndiye niliyeamua.

Marekani ndiko wanakobana zaidi. Mwaka 2021, kwenye kesi ya TransUnion, kampuni inayotunza rekodi za mikopo za watu, na Ramirez aliyeishtaki, watu 8,185 walikuwa wamewekewa alama kimakosa kwamba huenda ni magaidi. Mahakama ya Juu ikasema wenye haki ya kudai fidia ni 1,853 tu, wale ambao taarifa zao zilifika kwa watu wengine. Waliobaki, faili ilikaa kabatini, wakaambiwa hawajaumia. Sikupenda hukumu ile, lakini kwa kipimo hichohicho wewe ungepita, maana orodha yako imeshasomwa na grupu zima.

Kwa hivyo usitoke kwenye lile grupu kwa hasira. Piga skrinshoti kwanza, namba ya aliyetuma na tarehe zionekane, kabla hajaifuta.