Kwa mnaoanza ubeki wa mpira wa magongo (hoki): miguu kwanza, gongo baadaye

Wadogo zangu, kila msimu mnakuja uwanjani na magongo mapya, na kila mmoja anataka kucheza mbele. Mimi nasema na wale wachache waliopangwa nyuma wakanuna. Nimecheza ubeki tangu nikiwa shule hapa Mombasa hadi timu ya taifa, na kazi hii naipenda mpaka leo.

Jambo gumu kuliko yote ni kujizuia usipokonye mpira. Mshambuliaji anakujia mbio na mkono wako unawasha. Ukirusha gongo, ameshakupita. Mechi yangu ya kwanza ya kimataifa nilifanya hivyo hivyo: goti langu likabaki chini, nikawa natazama mgongo wa mtu anayekwenda kukutana na kipa wetu peke yake. Goli lile lilininyima usingizi siku nyingi.

Beki huchelewesha. Kunja magoti, gongo liguse ardhi mbele yako, rudi nyuma kwa hatua fupi fupi. Msukumie mshambuliaji upande wa kulia kwako, kwa sababu gongo lina upande mmoja tu wa kuchezea na hakuna gongo la mashoto. Huko wewe una nguvu, naye inambidi ageuze lake. Angalia mpira, usiangalie mabega wala macho yake. Mpira ukiachana na gongo lake kiasi cha shibiri moja, hapo ndipo unapodokoa kwa mkono wa kushoto, mara moja, kisha mkono unarudi. Kila hatua uliyomchelewesha, wenzako wamesharudi kukusaidia.

Kwenye kona ya penalti, yaani pigo la adhabu ambalo wapinzani huanzisha mpira kutoka mstari wa nyuma, mambo ni mengine kabisa. Mnasimama wanne na kipa nyuma ya mstari wa goli, wenzenu wote wako mstari wa kati. Mpira lazima utoke nje ya duara, ile nusu duara iliyochorwa mbele ya goli, kabla ya kupigwa golini, na ukingo wa duara uko mita 14.63 kutoka golini. Anayetoka wa kwanza anakimbia kumwendea mpigaji. Kazi hiyo niliifanya miaka mingi na woga haukuniisha. Nilijifunza kukimbia nao. Pigo la kwanza la nguvu haliruhusiwi kuingia golini juu ya sentimita 46, lakini mpira wa kuchotwa na kurushwa unaruhusiwa kupaa, na ni gramu 156 hadi 163 za kitu kigumu kama jiwe. Vaa barakoa na kinga za magoti. Toka moja kwa moja bila kupindapinda, mwili ukae kando ya njia ya mpira, gongo ndilo lizibe. Ukikimbia katikati ya njia unamzibia kipa wako macho.

Sisi wa Pwani tumekulia kwenye nyasi, na mpira kwenye nyasi hurukaruka. Nilipofika kwenye turfu, yaani nyasi bandia, ya uwanja wa City Park, Nairobi, mpira ulinipita chini ya gongo mara tatu kabla sijautuliza. Hata hivyo nyasi zetu msizidharau, zinafundisha mikono kuwa laini. Mkienda kwenye turfu, shukeni chini zaidi na muweke gongo mapema.

Someni habari za Avtar Singh Sohal. Alikuwa beki, akaichezea Kenya katika Olimpiki nne, 1960 hadi 1972, na tatu za mwisho akiwa nahodha. Kenya ilimaliza ya nne Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, naye akiongoza. Nani kawaambia beki hakumbukwi?

Kuhusu riziki nitasema wazi: magongo kwetu hayalishi nyumba. Maliza masomo, shika kazi. Mwajiri wangu mmoja alinikatia siku za kambi kwenye mshahara, na nilikwenda kambini hivyo hivyo. Tangu hapo kila kazi niliyoomba nilitaja magongo siku ya mahojiano, nikaomba ruhusa iandikwe kwenye mkataba.

Na kabla hujanunua viatu vya bei, nunua kinga ya meno. Jino langu la mbele lilibaki uwanjani, mazoezini, siku ambayo hata mechi haikuwepo.