Barua kwa mwanangu: Bibi yako na ufufuko wa miili

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza: kama mwili ni ganda tu, alivyosema yule mhubiri msibani, kwa nini tulichangishana kumsafirisha bibi yako kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, tukakesha naye, shangazi zako wakamwogesha na kumvika kama bibi harusi?

Neno lile la ganda liliniuma mimi pia, maana silo tunalosali. Kwenye rozari tunasema "ufufuko wa miili". Zamani Wakathari, kundi la kidini la kusini mwa Ufaransa, walifundisha kwamba mwili ni kazi ya mwovu. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika Roma, ukajibu kwamba wote watafufuka na miili yao wenyewe, hii hii waliyo nayo sasa.

Anayenigusa zaidi ni Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia aliyefariki mwaka 1274. Akifafanua barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, aliandika: "Roho yangu si mimi." Hata roho ikiokoka peke yake, anasema, mimi bado sijaokoka. Tulia hapo, mwanangu. Aliyekubeba mgongoni hakuwa roho iliyopanga ndani ya mwili. Alikuwa bibi, mzima mzima. Roho yake iko kwa Mungu, ndiyo, lakini kwa Tomaso roho bila mwili haijatimia, bado inautamani.

Kusafirisha wafu nako hatukuanza sisi. Mfalme Louis IX wa Ufaransa alipofariki karibu na Tunis mwaka 1270, walimchemsha ili mifupa itengane na nyama, ifike Saint-Denis, kanisa walikozikwa wafalme wa Ufaransa. Papa Bonifasi wa Nane, aliyemtangaza mfalme huyo kuwa mtakatifu mwaka 1297, miaka miwili baadaye alipiga marufuku desturi hiyo ya kuwakatakata na kuwachemsha wafu, akaiita ukatili wa kuchukiza.

Umeuliza pia kama tutamtambua. Mtakatifu Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, aliona kwamba makovu ya wafiadini, waliouawa kwa ajili ya imani, yatabaki, si kama kilema bali kama heshima. Bibi yako hakuwa mfiadini. Ila lile kovu la mkono wa kushoto alilipata akinitoa mimi motoni, nami sitaki arudi bila hilo. Shangazi yako mkubwa aliniambia kwamba walipofika pale kwenye kovu, alipitisha kitambaa polepole, kana kwamba bado linauma.

Baba yako