Mtoto wa miaka 4 analia akichukuliwa simu

Dada, umeuliza ufanyeje maana mwanao wa miaka 4 anaangua kilio kila ukichukua simu. Pole, kilio hicho kinachosha kweli. Kwanza zima ile hali ya video kujifungua zenyewe moja baada ya nyingine. Iko kwenye mipangilio ya programu. Mtoto wa umri huo hajui dakika kumi ni nini, ila anajua katuni imeisha. Kwa hiyo mwambie kabla hujampa: "Utatazama mbili, halafu unaniletea simu mwenyewe." Zikiisha, uwe na jambo tayari la kufanya naye, hata kukunja nguo. Siku za mwanzo atalia tu. Tafadhali usimrudishie simu ili anyamaze, maana atajua akilia anapata. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza muda wa kukaa na kutazama skrini usizidi saa 1 kwa siku kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, na ukipungua ni bora zaidi. Usiku simu isilale chumbani kwake. Na yako iweke kando mnapokula, anakuiga.