Kuwahi au kuchelewa meza uliyoweka: jibu kwa dada anayeleta familia Uganda Desemba

Dada yangu, umeuliza mambo mawili. Mkifika nusu saa kabla ya muda mlioweka, mtaonekana wasumbufu? Na mkichelewa, mtakuta meza wamepewa wengine? Umesema mko wanane, na mama mkwe yumo na watoto wamo, mnatoka Arusha, na tayari mmeweka meza tatu: chakula cha usiku Kampala siku ile ile mnayotua, jioni moja Entebbe kutazama jua likizama, na chakula cha mchana Jinja. Kisha mnashuka Kabale, karibu na mpaka wa Rwanda, kukutana na shemeji yako anayetoka Kigali.

Nitakujibu kwa urefu, maana nimefanya kazi ya kupokea wageni kwenye mgahawa mmoja wa Kampala upande wa ziwani, na sasa nazunguka na familia za wageni, wengi wao wa kwetu Bukoba na Mwanza. Simu ya kusema tumechelewa nimeipokea sana, na sasa mimi ndiye naipiga.

Kuna ndugu aliyekujibu kabla yangu amekuambia Uganda hakuna anayejali saa, nendeni mtakapojisikia. Sikubaliani naye hata kidogo. Ni kweli kwamba meza mara nyingi mtaikuta. Mhudumu atawapokea vizuri, atakuita nnyabo, yaani mama, mumeo atamwita ssebo, yaani bwana, na hatawaonyesha uso wa kukasirika. Lakini upole ule usiwafanye mdhani kwamba hakuna aliyeumia. Pale nilipokuwa, jiko lilikuwa likifungwa saa 4 usiku. Meza ya watu wanane iliyowekwa saa 1 ikifika saa 3, mpishi anaanza kukaanga samaki wakati ambao angekuwa anasugua jiko ajiandae kurudi kwake. Anatoka pale usiku wa manane. Taksi za abiria, hizi ambazo sisi tunaziita daladala, za kwenda Kajjansi au Kyengera zimeshakuwa za kubahatisha, basi inabidi achukue bodaboda kwa nauli ya usiku, na nauli hiyo inatoka mfukoni mwake. Nimewaona akina dada wa jikoni wamesimama getini wakibembeleza bei, kesho yake saa 2 asubuhi wanatakiwa kazini tena, huku mgeni aliyewachelewesha ameondoka akisema chakula kilikuwa kizuri. Hilo ndilo linalonifanya niandike jibu refu hivi.

Sasa kuhusu kuchelewa kwenyewe. Sisi tulikuwa tunashikilia meza kama dakika 20 siku za kawaida, na wikendi tulikuwa wakali zaidi, hasa meza kubwa, kwa sababu meza ya watu wanane ni meza mbili au tatu zilizounganishwa na kuna watu wamesimama wanaziangalia. Kila mahali pana utaratibu wake, kwa hiyo waulize mapema: mnatushikilia meza mpaka saa ngapi? Msimu wa sikukuu wengine huomba malipo ya kutanguliza kwa simu. Hapo uliza pia kama pesa hiyo inapotea mkichelewa, na jibu uandikiwe kwa ujumbe.

Ukiona mtachelewa, piga simu kabla ya saa mliyoweka, si baada yake. Simu ya saa 12 na nusu kwamba mtafika saa 1 na dakika 40 inamsaidia kila mtu: meneja anawapa wengine meza kwa muda huo, mpishi anachelewesha mafuta. Simu ya saa 1 na nusu haimsaidii mtu yeyote. Na unapopiga, taja mahali mlipo. Ukisema dakika 15, mhudumu wa Kampala hatakuamini, maana kila mtu husema dakika 15. Ukisema tuko Clock Tower, au ndiyo tunatoka Bugolobi, anaijua foleni ya pale kwa saa ile kuliko wewe na kuliko ramani ya simu yako, na atapanga mwenyewe. Kusema mko njiani ilhali bado mnafunga viatu hotelini ni kumdanganya mtu anayejaribu kuwatunza.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba wageni huweka meza bila kuweka chakula. Sehemu nyingi hapa jiko linaanza kazi pale unapoagiza. Samaki wazima kwa watu wanane, na chipsi, na ndizi, ni saa nzima bila mpishi kuzembea. Luwombo ndiyo kabisa: kuku au nyama au mchuzi wa karanga hufungwa kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni, kisha hupikwa kwa mvuke saa kadhaa, kwa hiyo kilichopo jioni ni kile kilichofungwa tangu mchana. Anayetaka luwombo usiku aseme asubuhi. Unapothibitisha meza, tuma na orodha ya mtakachokula, hasa kwa ajili ya mama mkwe, maana mtu mzima kusubiri saa moja na nusu na njaa si heshima. Lakini ukishaagiza hivyo, kuwahi kwako kunakuwa ni ahadi. Samaki aliyetoka kwenye mafuta saa 1 akisubiri mpaka saa 2 amekauka, na huwezi kumlaumu aliyempika.

Kuwahi, je? Inategemea mahali. Migahawa yenye bustani, ile ya Munyonyo, Ggaba au ufukweni Entebbe, nusu saa kabla si tatizo hata kidogo. Watawakalisha kwenye nyasi, watoto wakimbie, mnywe juisi ya pasheni huku meza inaandaliwa. Mahali padogo pa ndani, nusu saa ni nyingi. Meza yenu inaweza kuwa bado ina watu, na saa 12 jioni ndiyo wahudumu wanabadilishana zamu au wanakula chakula chao kile kimoja cha siku. Hapo fikeni dakika 10 kabla, inatosha. Mkijikuta mmewahi sana, zungukeni kidogo, au mwambie mhudumu waziwazi kwamba mnajua mmewahi na mko tayari kusubiri nje. Atawapenda kwa hilo.

Sasa nije kwenye meza zako moja moja, kwa sababu hazifanani.

Ile ya siku ya kutua ndiyo inanitia wasiwasi. Kutoka uwanja wa ndege wa Entebbe hadi Kampala ni kama kilomita 40, na ile barabara ya mwendo kasi iliyofunguliwa mwaka 2018 inasaidia kweli. Tangu 2022 inalipiwa, gari dogo shilingi 5,000 za Uganda. Lakini barabara ile inawatoa Busega, pembezoni mwa jiji, na kutoka hapo kuingia mjini jioni ni habari nyingine. Ongeza ndege kuchelewa, foleni ya uhamiaji, kukaguliwa kadi za homa ya manjano, mizigo ya watu wanane na kununua laini ya simu. Ningekuwa wewe, siku hiyo mngekula pale pale mnapolala. Kama mnataka sana kutoka, chagueni mgahawa wa Munyonyo, kwa kuwa barabara ile ina tawi linaloshuka huko moja kwa moja bila kupita katikati ya jiji. Na namba ya simu uliyoiacha mgahawani kama ni ya Tanzania, wape pia namba ya dereva au ya hoteli. Nimeona meza zikitolewa kwa sababu tu mgeni hakupatikana.

Jambo dogo lakini muhimu: andika saa kwa tarakimu, 19:00. Waganda wakizungumza Kiganda wanahesabu saa kama sisi, ila daftari la mapokezi mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na saa mbili yako ya usiku inaweza kuingia humo kama saa 8 ya mchana.

Entebbe hapana mjadala: wahini. Tuko karibu kabisa na ikweta, jua linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache mwaka mzima, na likishazama giza linaingia upesi, dakika 20 hivi na hamwoni ziwa tena. Mkiweka saa 1 kwa ajili ya machweo, mmeweka meza ya kutazama giza. Sogezeni iwe saa 11 na nusu. Kama ni Jumapili, fikeni hata mapema zaidi, kwa sababu familia za Kampala hushuka Entebbe mchana, na jioni barabara ya kurudi mjini inajaa. Mwanzoni mwa Desemba mvua huwa hazijaisha, na mvua ya ziwani haibishi hodi. Anayewahi ndiye anayepata meza chini ya paa, wengine wanabaki na miavuli. Mvua ikinyesha Kampala bodaboda nazo zinajificha chini ya vituo vya mafuta, kwa hiyo ule ujanja wetu wa kumtanguliza mtu mmoja kwa boda akashike meza siku hiyo haufanyi kazi.

Kabale ndiko watu wengi wanakwama bila kujua. Uganda tunatumia saa zile zile za Tanzania na Kenya, lakini Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma kwa saa moja. Shemeji yako akitoka Kigali akavuka mpaka wa Katuna huku saa yake ya mkononi inasema saa 12 jioni, Kabale ni saa 1 usiku. Simu ndiyo inajibadilisha yenyewe, ila karibu na mpaka huweza kunasa mnara wa nchi ya pili ikarudi nyuma tena. Hata ndugu zetu wa Goma wanaoingia kwa Bunagana, na wa Beni wanaopita Mpondwe kwenda Kasese, yanawapata haya haya. Mwambie shemeji ahesabu kwa saa ya Uganda tangu asubuhi. Na kama mtalala Ziwa Bunyonyi, kumbuka nyumba za wageni kule ni ndogo na zinapika kulingana na idadi ya waliopo. Vitu vingi vinanunuliwa Kabale mjini, na kama mko kisiwani mnafika kwa boti. Kutoka Kampala ni zaidi ya kilomita 400, siku nzima barabarani, kwa hiyo usiwaambie saa 1. Waambie mtafika usiku, kisha mpigie simu mkiwa Mbarara, na mpige tena mkifika Kabale. Kule ni karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi kali, na wale kamba wa ziwani wakiletwa mezani wamepoa hawana ladha tena.

Jinja sasa. Ni kilomita 80 tu, ndiyo maana umeweka saa 6 mchana, lakini barabara ile ndiyo inayobeba malori yote ya Malaba na Busia, mipaka ya Kenya, halafu Lugazi kuna matrekta na malori ya miwa. Safari inaweza kuwa saa mbili, inaweza kuwa nne. Juu ya hayo watoto wataona wauza kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, pale Namawojjolo, na hakuna dereva anayeweza kupita pale bila kusimama. Piga simu uisogeze meza iwe saa 8, muwaambie mnataka samaki, na mkipita msitu wa Mabira tuma ujumbe kwamba mko Najjembe ili waanze kuandaa. Umetaja Jumamosi bila tarehe. Kama ni ile inayotangulia Krismasi, ihamishe iwe katikati ya wiki, kwa sababu siku hiyo nusu ya Kampala itakuwa kwenye barabara ile ile ikielekea vijijini.