Maswali yenu kuhusu Linux Mint 22.2

Tangu Windows 10 ikatiwe huduma tarehe 14 Oktoba 2025, maswali ninayoletewa hapa Lamu ni ya laptopu kuukuu tu. Leo najibu yanayohusu Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa kwenye kompyuta badala ya Windows, hasa 22.2, toleo lililotoka Septemba 2025 kwa jina la Zara.

Nina saiba Langoni. Kompyuta zangu ni Core i5 za kizazi cha sita, RAM GB 4, na Windows 11 imezikataa. Mint itazikubali?

Itazikubali, dada. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Mint haina masharti hayo. RAM ya GB 2 ndiyo kima cha chini, na GB 4 ndiyo wanayopendekeza. Hata hivyo mimi ningekuwekea Mint yenye sura nyepesi ya Xfce badala ya ile nzito zaidi ya Cinnamon, maana mteja wa saiba akishafungua eCitizen, Facebook na YouTube kwa pamoja, hiyo RAM haimtoshi mtu.

Ila usifute kitu kwanza. Weka Mint kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, uitumie bila kuisakinisha. Jaribu Wi-Fi, sikiliza sauti, kisha chomeka printa utoe karatasi moja. Kwa biashara yako, printa ndiyo itakayoamua: za HP nyingi hutambulika zenyewe, lakini baadhi ya Canon za leza zina kiburi. Ikikubali, hamisha kompyuta moja, wateja waizoee, ndipo ugeukie nyingine. Faili la kupakua ni karibu GB 3, lakini unalipakua mara moja tu kwa saiba nzima.

Naambiwa toleo hili linafunguka kwa alama ya kidole. Kweli? (Kijana wa Shela)

Kweli. Programu yenyewe ni Fingwit. Inaangalia kama kisomaji chako kinatambulika, inasajili vidole, halafu unachagua pa kukitumia: kuingia, kufungua skrini au kuidhinisha kazi za msimamizi. Kisomaji ambacho Linux haikijui, Fingwit haitakifufua. Na nyinyi mliochunwa vidole na mishipi baharini, msiilaumu programu.

Nafundisha Faza. Nikimtumia mwenzangu video za masomo kwa WhatsApp, bando linakwisha. Nifanyeje?

Tumia Warpinator, mwalimu, programu ya kutumiana faili kati ya kompyuta; imo ndani ya Mint tayari. Washa hotspoti ya simu, hata data ikiwa imezimwa, unganisha laptopu zote mbili, kisha fungua Warpinator kwenye kila moja. Jina la laptopu ya mwenzako litatokea; libonyeze, buruta faili, naye akubali upande wake. Video inapita baina yenu, haifiki kwenye intaneti, na bando halipungui hata kidogo. Jambo moja: badilisha msimbo wa kundi kwenye mipangilio, muwe na mmoja nyote wawili. Mkiuacha ule uliokuja nao, yeyote mwenye Warpinator kwenye mtandao huo ataiona mashine yako.

Photoshop je?

Hapana. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ipo na ni nzuri, lakini kama mkate wako unatoka Photoshop, baki ulipo.

Niko 22.1, Mpeketoni, na stima haiaminiki. Nipandeje hadi 22.2?

Chaji betri ijae. Fungua Timeshift upige picha ya mfumo, ili mambo yakiharibika urudi ulikokuwa. Kisha nenda kwenye programu ya masasisho, maliza yaliyopo, halafu fungua menyu ya Edit. Hapo utaona chaguo la kupanda hadi toleo jipya. Mafaili yako hayaguswi, na huduma ya mfululizo wa 22 inakwenda hadi 2029. Walio kwenye 21.3 njia yao ni nyingine na ndefu zaidi, ila hawana haja ya kukimbilia: wana masasisho hadi 2027.