Maziwa hayaoshi tina

Juzi kijana mmoja fundi rangi wa magari kaniandikia: "Kaka, nikimaliza kupuliza nakunywa maziwa nusu lita. Yanatosha kusafisha kifua?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Maziwa hayo nami nimeyanywa miaka sita.

Nilikuwa nachanganya rangi kiwandani kwa tina, yaani kimiminika cha kuyeyushia rangi. Barakoa hatukupewa, tulipewa pakiti ya maziwa kila saa nne, na tukashukuru. Siku ya kupimwa afya, mkojo wangu ukakutwa na asidi ya hipuriki, inayopimwa kama alama ya mvuke wa tina au gundi mwilini, nyingi kuliko ya wote. Msimamizi hakuuliza. Alitangaza mbele ya wenzangu kwamba navuta gundi, nikakaa nyumbani wiki mbili bila malipo. Nikikumbuka, masikio bado yanawaka.

Aliyeniokoa ni daktari, mama mtu mzima, kwa swali moja: "Asubuhi ile ulikunywa nini?" Soda ya machungwa, chupa mbili.

Akanichorea. Toluini, iliyojaa kwenye tina nyingi, ni pete ya kaboni sita yenye mkia wa kaboni moja. Ini kwa kawaida haliisumbui pete. Linaushika mkia, linautia oksijeni hatua kwa hatua mpaka inapatikana asidi ya benzoiki, kisha linaifunga na glisini, kijenzi kidogo cha protini. Hiyo ndiyo hipuriki, na figo huitoa. Sasa, sodiamu benzoeti inayozuia soda isiharibike inadandia safari hiyo katikati na kushukia kituo kilekile. Hata majani yanaizalisha: mwanakemia Mjerumani Liebig aliitoa kwenye mkojo wa farasi mwaka 1829, na sidhani kama farasi yule alifanya kazi gereji.

Nikapimwa upya, safari hii ortho-kresoli, mabaki mengine machache ya toluini, ambayo soda haiwezi kuizaa. Ikalingana na ya wenzangu wote wa kuchanganya. Radhi sikuombwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, maziwa yanakwenda tumboni. Mvuke umepita mapafuni na sasa uko kwenye damu. Havikutani. Na wewe unayesema unaikata tina kwa bia jioni, ndiyo umeharibu kabisa: pombe inagombania kimeng'enya kilekile cha ini, toluini inabaki kwenye damu ikisubiri zamu, na kichwa chako ndicho kinacholipa.

Petroli ya kunawia mikono nayo acha. Ina benzini, na benzini haina mkia. Ini linalazimika kuivamia pete yenyewe, na mabaki yake yanaushambulia uboho wa mifupa. Saratani ya damu inaanzia huko. Hapo sitanii na mtu.

Nunua barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa, ubadilishe vichujio. Ya kitambaa ni ya vumbi. Gereji yangu leo ina vijana watatu, kila mmoja na yake, milango wazi pande mbili. Maziwa tunatia kwenye chai.